Kabla ya Kukopa TV Mpya, Itazame ya Zamani Mgongoni

NI saa nne na nusu usiku, siku ya kazi. Mke yuko kwenye meza ya chakula, kainamia laptopu mpaka shingo imepinda. Mume yuko kwenye kochi, kaisogeza simu karibu na pua, anaangalia mpira kwenye kioo kisichozidi kiganja. Katikati yao kuna televisheni ya inchi 32, imezimwa, na juu yake kuna vumbi. Hawajagombana. Ila tangu sahani zitoke mezani hakuna aliyemwambia mwenzake neno zaidi ya "chaja iko wapi?"

Mpenzi msomaji, kama hapo umejiona, karibu. Nyumba hiyo sijaitunga, ni ya kwangu mwenyewe, hapa hapa Tabata. Mimi ndiye mke mwenye shingo iliyopinda. Na hiyo TV yenye vumbi nusura itumalizie hela ya kiwanja.

Mwezi huu nataka tuongee ishu ambayo wengi wanadhani ni ya mafundi tu: kuunganisha laptopu na TV ya zamani, ili TV iwe kioo cha pili cha kompyuta. Usifunue ukurasa! Humu ndani kuna mkwanja wako, kuna mgongo wako, na kuna huyo uliyekaa naye hapo kwenye kochi.

Ujumbe wa benki

Tuanze na kasheshe yenyewe. Mimi na mume wangu tuna akaunti ya pamoja, na hela iliyomo ina kazi moja tu: kiwanja. Ili iongezeke tulikubaliana kubana matumizi, na kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa malipo ya king'amuzi. Tukasema filamu na mpira tutaangalia kwenye intaneti, si kila kitu kipo huko? Kwenye karatasi hesabu ilikaa vizuri. Tulichosahau ni kwamba kioo cha maana cha kuangalizia vitu vya intaneti kilikuwa laptopu, na laptopu usiku inakuwa na mimi, namalizia kazi za ofisini. Mume akabaki na simu yake.

Siku moja mchana, niko kwenye kikao, ukaingia ujumbe wa benki: shilingi 250,000 zimetolewa. Nikajua tumeibiwa. Nikatoka nje, nikapiga simu.

"Hapana mke wangu, tulia, ni mimi. Nimeweka kianzio cha TV. Inchi 55! Inayobaki tunalipa kidogo kidogo, miezi sita tu."

"Tunalipa? Mimi na nani?"

Siku mbili tukanuniana. Si unajua kununa kwa watu wazima: salamu ipo, chakula kipo, lakini kila mlango unafungwa kwa nguvu kuliko kawaida. Siku ya tatu akafunguka, na alichosema kilinichoma kuliko hizo hela.

"Nilijua ukiona TV kubwa utatoka hapo mezani. Maana laptopu ndiyo imekuwa mume wa nyumba hii. Mimi nakaa na kochi."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana kuhusu bei. Kwa hilo sikuwa na jibu.

"Ina nini mgongoni?"

Kesho yake nikamsimulia kijana wa kompyuta pale ofisini, nikairuka sehemu ya kununiana. Nilitaka anishauri TV gani ni ya bei nafuu. Yeye akauliza swali moja tu: "Dada, hiyo mliyonayo ina nini mgongoni?" Sikujua! Naishi na kile kitu tangu niolewe, sijawahi kukigeuza hata siku moja. Akaniambia nipige picha nimtumie.

Hebu na wewe fanya hivyo leo. Zima TV, igeuze taratibu, washa tochi ya simu, piga picha matundu yote ya nyuma na ya ubavuni. Halafu piga picha ubavu wa laptopu, pande zote mbili. Ukishakuwa na picha hizo huhitaji muuzaji akwambie unachokosa, unakiona mwenyewe. TV zetu za zamani kwa ujumla zina rika tatu.

Rika la kwanza ni chogo, zile nzito zenye mgongo mkubwa. Nyuma kuna tundu la antena na matundu ya duara yenye rangi: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Ndiyo watu wanayaita AV. Kama ulikuwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, matangazo ya analojia yalipozimwa, basi unayafahamu vizuri. Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza kuchomeka nyaya tatu za king'amuzi bila kumwita fundi.

Rika la pili ni flati za mwanzo, zile zenye stika ya "HD Ready". Hizi zina raha yake, kwa sababu zilitengenezwa wakati dunia inahama. Nyuma utakuta AV za kizamani, na mara nyingi utakuta pia tundu la VGA, pana, lenye vishimo 15 katika mistari mitatu. Na utakuta tundu moja au zaidi la HDMI, jembamba na bapa, pembe zake mbili za chini zimechongwa. VGA ilianza na kompyuta za IBM mwaka 1987, na HDMI toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Kwako wewe tofauti kubwa ni moja: HDMI inabeba picha na sauti ndani ya waya mmoja, wakati VGA inabeba picha tu, sauti utaitafutia waya wake.

Rika la tatu ni flati za "Full HD" ambazo siku hizi watu wanazikimbia kwa sababu hazina intaneti ndani. Intaneti ya nini, wakati laptopu inayo? Hapa ni HDMI kwa HDMI, kazi imekwisha.

Sasa upande wa laptopu. Nyingi zina tundu la HDMI. Za zamani zaidi zina VGA. Zile nyembamba za siku hizi nyingine zina USB-C peke yake, lile tundu dogo lenye ncha za mviringo, na hapo kuwa makini: si kila USB-C inatoa picha. Angalia kama pembeni yake kuna alama ya radi, au herufi D na P zilizoshikana. Kama huoni alama yoyote, tafuta maelezo ya aina ya laptopu yako kabla hujatoa hela ya adapta.

Picha yangu ilionyesha HDMI mbili na VGA moja. Yaani ile TV iliyokuwa inakula vumbi ilikuwa imekamilika kabisa. Tulichokuwa tunakosa ni waya. Kijana akaniazima wa kwake.

Usiku wa kwanza

Tulifanya wawili, na nakushauri na wewe ufanye hivyo. Mmoja ashike tochi, mwingine achomeke. Mkiwa mmeinama wote nyuma ya kabati, kununa kunakuwa kugumu.

Hatua ya kwanza, zima TV na zima laptopu. HDMI yenyewe haikatai kuchomekwa vyombo vikiwa vinawaka, lakini kwa AV na VGA, na kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi, kuzima ni usalama wa bure.

Hatua ya pili, chomeka waya, halafu soma namba iliyoandikwa juu ya tundu la TV: HDMI 1 au HDMI 2.

Hatua ya tatu, washa TV, chukua rimoti, bonyeza kitufe cha "Source" au "Input", uchague namba ile ile. Hapa ndipo wengi wanapochemsha. Mtu anachomeka HDMI 2, anachagua HDMI 1, halafu anasema waya ni kimeo.

Hatua ya nne, washa laptopu. Kama inatumia Windows, shikilia kitufe chenye alama ya Windows kisha bonyeza herufi P. Yatatokea machaguo manne: picha ibaki kwenye laptopu peke yake, vioo vyote viwili vionyeshe kitu kimoja, TV iwe mwendelezo wa kioo cha laptopu, au picha iende kwenye TV peke yake. Kwa filamu chagua la pili au la nne. Kwa kazi chagua la tatu. Barua pepe zinabaki kwenye laptopu, majedwali yanakaa kwenye TV, na mshale wa mausi unavuka kutoka huku kwenda kule kama mtu anayetoka sebuleni kuingia jikoni.

Kioo kikawaka. Mume wangu akapiga makofi kama timu yake imefunga. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kumsikia anacheka.

Picha imekuja, ila...

Usitegemee kila kitu kitakaa sawa dakika ile ile. Kwetu yalijitokeza mambo matatu, na karibu kila mtu atakutana nayo.

La kwanza, kingo zilikatika. Ule mstari wa chini wa Windows wenye saa haukuonekana. TV za zamani zina tabia ya kuikuza picha kidogo na kukata pembeni, desturi iliyorithiwa kutoka enzi za chogo, kwa sababu kingo za picha wakati ule hazikuwa nadhifu. Dawa yake iko kwenye rimoti, sehemu ya ukubwa wa picha. Kwenye Samsung nyingi tafuta "Screen Fit", kwenye LG "Just Scan", kwenye Sony "Full Pixel".

La pili, herufi zilikuwa na ukungu. Hapa lazima tuambiane ukweli. Flati nyingi za "HD Ready" zina nukta 1,366 kwa 768, yaani kama milioni moja. Laptopu ya kawaida ya "Full HD" ina 1,920 kwa 1,080, kama milioni mbili. Ukiilazimisha TV ionyeshe nukta ambazo haina, lazima herufi zikorogeke. Ingia kwenye mipangilio ya skrini ya laptopu, uchague kipimo kilicho sawa au karibu na cha TV yenyewe. Kisha kwenye TV punguza "Sharpness", na kama TV inakuruhusu kubadilisha jina la tundu, lipe jina la "PC". Kwenye baadhi ya TV kufanya hivyo kunaifanya iache kuipaka picha vipodozi, na herufi zinatulia. Ukiona mausi inachelewa kufuata mkono, washa "Game Mode".

La tatu, sauti ilibaki kwenye laptopu. Bonyeza alama ya spika pembeni chini, chagua jina la TV. Kama unatumia VGA, chukua waya mwembamba wa sauti kutoka tundu la hedifoni uupeleke kwenye tundu la TV lililoandikwa "PC Audio In", au moja kwa moja kwenye sabufa. Majirani watakuombea dua.

Na shingo yangu? Katikati ya kioo cha TV iko karibu sawa na macho yangu nikiwa nimekaa, kwa hiyo siinami tena. Nakaa kama mita moja na nusu kutoka kwenye kioo, nina kibodi na mausi za kuchomeka. Usisogee karibu zaidi ya hapo, utaanza kuhesabu nukta badala ya kusoma.

Kochi na hesabu za ofisi

Wiki ya kwanza niliona nimeula. Kila usiku majedwali yangu yalijaa kwenye inchi 32, makubwa, bomba kabisa. Nikawa nafanya kazi haraka kuliko zamani, na kwa sababu nafanya haraka, nikawa naongeza nyingine.

Siku ya tano mume wangu akasema kwa upole kutoka kwenye kochi: "Mke wangu, zamani nilikuwa nakaa na kochi. Sasa nakaa na kochi na hesabu zenu za ofisi."

Tulicheka, lakini ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeichukua TV yake ya pekee na kuifanya meza yangu. Waya ulikuwa umeunganisha vyombo viwili, sisi wenyewe tulikuwa bado. Ndipo tukakaa chini, tukaandikishana.

Makubaliano yetu ni haya, nawe chukua kinachokufaa. Mpaka saa tatu usiku TV ni ya kazi. Ikigonga saa tatu nafunga faili, hata kama sentensi haijaisha, na TV inakuwa ya wawili. Anayechagua cha kuangalia ni kwa zamu, na mwenye zamu halaumiwi. Jumapili laptopu haifunguliwi kwa kazi kabisa. Na kwa siku ya mechi kubwa, mimi ndiye ninayehama, narudi na laptopu yangu kwenye meza ya chakula bila kununa.

Kuna jingine ambalo hakuna fundi atakayekwambia. Ukichagua vioo vyote vionyeshe kitu kimoja, basi kila kinachotokea kwenye laptopu kinatokea mbele ya kadamnasi! Mimi yamenikuta. Mama mkwe yupo sebuleni, tunaangalia picha za ubarikio wa mtoto wa wifi, mara ujumbe wa shoga yangu ukachomoza pembeni ya kioo, herufi kubwa kama bango la barabarani: "Vipi, wakwe wameshaondoka?" Sitakusimulia zaidi. Zima taarifa za ujumbe kabla hujachomeka waya.

Kariakoo nikapigwa

Sasa nirudi kwenye chogo, maana najua wapo wasomaji wenye chogo tu, na wengine wanalo chumbani wanaona aibu kulisema.

Kwetu lipo. Inchi 21, la marehemu baba yangu. Alipofariki mwaka 2021 tukagawana vitu vya nyumbani Morogoro, kaka zangu wakachukua vya maana, mimi nikaomba TV. Mume wangu hakuelewa nataka kulifanyia nini, na kusema kweli hata mimi sikuelewa. Likakaa chumbani, limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake vase ya maua ya plastiki.

Mama akaja Dar kwa ajili ya kliniki ya macho. Jioni ya pili akasema ana hamu ya kuiona tena video ya harusi yetu, ile sehemu ambayo baba anatoa nasaha. Ninayo kwenye laptopu. Nikamfungulia pale mezani. Akasogea, akarudi nyuma, akavaa miwani, akaivua. "Kadogo sana mwanangu, simwoni." Na flati ya sebuleni siku hiyo ilikuwa na wageni wa mume wangu na mpira wao.

Kesho yake nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kutafuta kifaa cha kutoa picha kwenye laptopu kuipeleka kwenye AV. Nikapewa waya, upande mmoja HDMI, upande wa pili nyaya tatu za rangi. Bei poa, nikalipa fasta. Nyumbani, giza totoro. Niko siku ya pili dukani, duka jingine, nikauziwa kisanduku kidogo cheusi. Giza tena!

Sikiliza kwa makini ili usipigwe kama mimi. HDMI inatuma picha kwa mfumo wa kidijitali, chogo linaelewa analojia tu. Waya mtupu hauwezi kutafsiri. Lazima kuwe na kisanduku katikati kinachofanya kazi hiyo, na kisanduku hicho kinataka umeme, kwa kawaida kupitia waya wa USB. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa ule waya wa kwanza. Kisanduku cha pili kilikuwa kizima kabisa, ila kilikuwa kinatazama upande mwingine! Konveta hizi ziko za aina mbili na zinafanana kama mapacha: iliyoandikwa "HDMI2AV" inatoa picha kwenye kompyuta kuipeleka kwenye TV ya zamani, na iliyoandikwa "AV2HDMI" inafanya kinyume chake. Mimi nilipewa ya kinyume. Yule muuzaji alinibadilishia bila ubishi, nikaongeza shilingi 5,000. Soma maandishi ya juu, na omba ijaribiwe pale pale dukani.

Ubavuni mwa konveta kuna swichi ndogo ya PAL na NTSC. Sisi huku tunatumia PAL. Ukiiacha kwenye NTSC, picha inaweza kuja bila rangi au ikawa inapanda na kushuka. Kisha zima vyote, chomeka njano kwenye njano, nyeupe kwenye nyeupe, nyekundu kwenye nyekundu, na kwenye rimoti chagua "AV". Kama tundu la AV liko moja na limeshikwa na king'amuzi, itabidi uchomoe.

Na usidanganyike, chogo halitakuwa kompyuta. Mfumo wa PAL una mistari 576 tu ya picha. Filamu inapendeza, picha za familia zinapendeza, lakini ukifungua barua utasoma kichwa cha habari na kukisia mengine. Video pana zitakuja na mikanda myeusi juu na chini, au watu watakuwa warefu na wembamba. Huduma za filamu za kulipia nazo zinaweza kukataa kabisa, kwa sababu zina kinga dhidi ya kunakiliwa ambayo haipokelewi na vifaa vya zamani. Sauti utasikia, picha ni giza. Hapo usimlaumu fundi.

Onyo moja la mwisho: kamwe usifungue mfuniko wa nyuma wa chogo. Ndani kuna umeme wa maelfu ya volti, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Saa mbili usiku

Ilipofika saa mbili usiku, saa ambayo baba alikuwa haruhusu mtu kuongea kwa sababu ya taarifa ya habari, nikaondoa kitambaa, nikaondoa vase, nikawasha. Chogo likafanya ule mlio wake, likachukua muda wake, picha ikaja taratibu. Mama kakaa kitandani, mimi na mume wangu tumekaa chini kwenye mkeka.

Baba akasimama kwenye kioo na suti yake ya kahawia, akashika maikrofoni kama anayeogopa itamng'ata. Akasema yale aliyosema siku ile, kwamba ndoa si kuvumiliana tu, ni kuulizana. Mama hakulia. Aliangalia mpaka mwisho, halafu akasema: "Punguzeni sauti kidogo. Kelele hazipendi."

Mume wangu akapunguza.

Sikufungua kazi usiku ule. Tulirudia video ile mara mbili, halafu tukaangalia kitchen party, mama akatucheka nguo zetu. Kwenye kuulizana pale mume wangu alinigusa bega, na nilijua anafikiria nini. Shilingi 250,000.

Ile TV ya inchi 55

Najua unataka kujua iliishia wapi. Jumamosi tulikwenda dukani wote wawili. Kianzio hakirudishwi, wakasema, imeandikwa nyuma ya risiti, kwa herufi ambazo hata kwenye inchi 55 usingezisoma. Baada ya longolongo ya saa nzima wakakubali tuchukue vitu vya thamani ile ile. Tulirudi Tabata na feni la kusimama, blenda, pasi, na waya wa HDMI wa mita tano wa kwetu wenyewe. Hela ya kiwanja mume wangu anairudisha kutoka mfukoni mwake, kidogo kidogo. Miezi sita tu!

Sisemi usinunue TV mpya maisha yako yote. Kama kioo kimeungua, kama kina mistari, kama kazi yako ni ya picha na rangi, au kama macho yanauma kila usiku, basi okoa hela na ununue. Lakini kwanza igeuze uliyonayo, uone mgongo wake. Jaribu na waya wa kuazima kwa wiki moja. Ukiona haitoshi, utakuwa angalau unajua ni kitu gani hakitoshi: inchi, nukta, au muda wenu wa kukaa pamoja. Inchi na nukta zinauzwa.

Na siku ya kwenda dukani, nendeni wote wawili. Ujumbe wa benki usiwe ndio wa kwanza kumwambia mwenzako.

Kiwanja bado hatujanunua. Ila saa tatu usiku, pale Tabata, TV inawaka. Wiki hii zamu ya kuchagua ni yake. Tukutane mwezi ujao!